Barua ya Dada Kwenye Diski ya RAM

Mama Pindo, fundi cherehani kwa miaka arobaini sasa, alikuwa na tabia moja ambayo hata usingizini asingeiacha: akinyanyuka tu, anachomoa plagi. Pasi iliwahi kumuunguzia gauni la bibi harusi, na tangu siku hiyo hakuamini tena kitu chenye waya. Anachomoa pasi, anachomoa redio, anachomoa birika. Mumewe husema yeye ameponea kwa kuwa hana waya.

Mume huyo, fundi redio aliyestaafu kazi lakini si bisibisi, ndiye aliyeifufua kompyuta ya nyumbani. Ilikuwa nzito, ukiibonyeza leo inakuitikia kesho. Mzee akaiongezea RAM, yaani ile kumbukumbu ya haraka, kisha akaimega kipande akakigeuza diski.

"Sikiliza, bibie. Diski ya kawaida ni kabati lako la vitambaa. Diski ya RAM ni meza ya kukatia. Kilichoko mezani unakishika papo hapo. Ila umeme ukikatika, meza inabaki tupu."

"Na vitu vyangu?"

"Nimeandika skripti, yaani maagizo ya mashine. Ukiwasha, inavitoa kabatini yenyewe na kuviweka mezani. Ukizima kwa utaratibu, inavirudisha. Wewe huna kazi."

"Nimeolewa pazuri," akasema Mama Pindo, akapiga miayo.

Kazi aliyoitakia mashine ilikuwa barua. Yeye na dada yake mkubwa walikuwa hawajasemezana miaka mitatu, tangu siku Mama Pindo alipomwambia dada mbele ya wateja kwamba mikono ya blauzi aliyoikata dada ilikuwa ya watu wawili tofauti. Sasa Jumamosi ya wiki ijayo dada anatimiza miaka sabini. Mama Pindo alitaka kwenda, roho ilimuuma kwa hamu, lakini ataingiaje mlangoni kabla neno lake halijatangulia? Na neno lenyewe lilikuwa limemkwama.

Siku tano aliandika, na kila jioni mzee alikuja kuizima mashine kwa mkono wake. Zikafika kurasa tatu: nani alimwazima nani mkasi, nani alianza kununa, nani alisema nini msibani.

Mzee akachungulia begani. "Hii ni barua ya kuomba msamaha, au unampeleka mtu mahakamani?"

"Toka hapa na miwani yako."

Siku ya sita, Jumatatu asubuhi, neno likazibuka. Alifungua ukurasa wa nne akaandika huku machozi yakidondokea vitufe. Aliandika jinsi dada alivyomshika vidole, yeye akiwa bado mdogo, kumfundisha kutunga uzi kwenye sindano. Akaandika kwamba blauzi ile haikuwa na kasoro yoyote, ni wivu wake mwenyewe tu. Akahifadhi. Akanyanyuka kwenda kunawa uso. Akachomoa plagi.

Mzee, aliyekuwa uani, alisikia feni ya kompyuta imenyamaza ghafla.

"Umezima?"

"Nimechomoa."

"Umechomoa!"

Akaja mbio, akawasha. Kabati likatoa kilichowekwa jana jioni. Kurasa tatu za ugomvi zilikuwepo, hazijapungua hata nukta. Ukurasa wa nne, hewa.

"Yaani mashine yako imemeza mazuri, ikanitemea matusi?"

"Kosa ni langu," mzee akasema taratibu. "Nimekaa na wewe miaka thelathini na minane, halafu nikaandika skripti ya mtu anayezima vitu kwa utaratibu."

Mama Pindo hakucheka. Alijaribu kuliandika neno lile upya, likaja limevaa nguo za kuazima. Kila sentensi ilikuwa ya mtu mwingine. Mzee naye akaongeza skripti ya kurudisha vitu kabatini kila dakika moja. "Sasa chomoa hata ukuta," akasema.

Jioni Mama Pindo akafuta kurasa zote tatu, akaandika mstari mmoja, akamwita mumewe.

"Kesho Jumanne unakwenda kwake."

"Kwake nani?"

"Usinifanye mtoto. Kila Jumanne unakwenda kumsafishia kompyuta, unarudi vifungo vya shati vimekazwa. Mimi kifungo nakizungushia uzi mara nne. Dada ni mara sita. Unadhani sioni?"

Mzee akakishika kifungo kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani.

"Mashine yake nayo umeitilia skripti zako?"

"Nimeitilia."

"Basi itilie na hii. Akiwasha tu, imfungukie hii kabla ya kitu kingine chochote."

Mzee akausoma mstari. Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, kisha akaiweka barua kwenye flashi bila kutia utani hata mmoja.

Jumatano asubuhi simu ikalia.

"Marahaba," ikasema sauti, bila kuuliza hali. "Sasa mwambie mumeo aje aondoe kitu chake. Kila nikiwasha mashine naamkiwa na wewe! 'Shikamoo dada, blauzi ilikuwa sawasawa, mimi ndiye niliyekuonea wivu.' Tangu jana nimewasha mara saba!"

"Mara saba ulikuwa unatafuta nini?"

"Mashine yangu. Nawasha nitakavyo."

Mama Pindo akajikuta amekaa juu ya kitambaa cha mteja. "Basi namtuma leo hii aje aondoe."

"Leo asije!" dada akasema upesi. Kisha, kwa sauti ya chini: "Aje Jumamosi. Aje na wewe."