Wastani Ni Saba

King'ora cha chakula cha mchana kilipolia, Warigia alikuwa keshafika kwenye lango la kiwanda cha ndoo na karai, githeri ameifunga kwa kitambaa. Mumewe, Dedan, alitoka akiwa mwekundu. Wekundu ule ulianzia vidoleni ukaishia masikioni, na haukuwa wa jua wala wa hasira. Alishika pakiti ya maziwa ya pembe tatu, ambayo kiwanda kiliwapa watu wa matangi ya kemikali ati isafishe kifua. Maziwa yalikuwa yameshaganda mkononi mwake. Aliyanywa hivyo hivyo, akala, akarudi kazini.

Jioni alifika nyumbani Makongeni akiwa buluu.

Asubuhi alikuwa akichovya bati katika tangi la asidi ili litoke kutu. Mchana alihamia tangi la soda kali, akachovya bati la kesho ili litoke mafuta. Karatasi ya litmasi, ya kupimia asidi, nayo hubadilika vivyo hivyo, na hakuna aliyewahi kuipigia mayowe. Mwanasiti, jirani aliyeuza viazi karai, hakuwa na saa. Akimwona Dedan wa buluu akikata kona, aliwasha jiko. Jumapili Dedan alirudia rangi aliyozaliwa nayo, wakaenda kanisani.

Rangi haikumsumbua Warigia. Kilichomuuma ni mikono ya mumewe. Kucha zilikuwa zimekwisha kutoka, na ngozi ilikuwa nyembamba hata akishika kikombe cha chai, ua lililochorwa kwenye kikombe lilionekana kupitia kidole. Siku Dedan aliposhindwa kumfunga binti yao Wacuka vifungo vya sweta, Warigia alilia waziwazi, mbele ya mtoto. Alitaka jambo moja tu: mumewe ahamishiwe stoo kabla mikono haijaisha. Dedan alimwambia aache, kwa kuwa langoni walijaa watu wanaoililia kazi hiyo hiyo. Warigia hakuacha.

Alimwendea Mwalimu Nalianya, mpangaji wa chumba cha pili, aliyefundisha kemia katika shule ya harambee. Mwalimu alimwomba Dedan amletee asidi na soda kidogo katika vichupa vya dawa ya kikohozi, akazipima shuleni, kisha akapiga hesabu kwa chaki kwenye sakafu ya baraza. Asidi ilikuwa na moja ya kumi ya moli katika kila lita. Logi yake ni hasi moja. Geuza alama, pH, yaani kipimo cha ukali, ni moja. Soda ilikuwa na nguvu hiyo hiyo upande wa pili; toa moja katika kumi na nne, inabaki kumi na tatu. Maji safi ni saba, akasema, na kila hatua moja kutoka hapo ni ukali mara kumi, si ukali wa kuongeza moja. Warigia alihesabu hatua kwa vidole vyake mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya nusu kazi, kwa hiyo Dedan alirudi mwekundu. Akaikanyaga ile hesabu bila kuiona. Chaki ikatoa povu ikafutika, na Mwalimu akaiandika upya kwa kalamu.

Jumatatu Warigia na Mwalimu walikwenda kwa meneja wa kiwanda, Bwana Mbuthia. Aliwapa viti, akawaagizia chai, akaisoma hesabu akiitikia kwa kichwa kwa heshima. Kisha akachukua kalamu, akajumlisha moja na kumi na tatu, akagawanya kwa mbili.

"Saba, Mama," akasema. "Wastani ni saba. Maji safi. Asidi ya asubuhi inapozwa na soda ya mchana. Dawa ya moto ni moto."

"Baba Wacuka hachovyi mikono kwenye wastani," Warigia akajibu. "Anaichovya kwenye moja, halafu kwenye kumi na tatu. Mtu akichomwa mkono wa kulia na wa kushoto, hapoi katikati."

Meneja akamgeukia Mwalimu, akamuuliza kama kuna kosa katika kugawanya. Mabati ya shule yake yalikuwa mchango wa kiwanda, na darasa la mwisho lilikuwa bado halijaezekwa. Mwalimu alisema kugawanya kulikuwa sahihi. Warigia hakumsalimia tena tangu siku hiyo, na hakukosea. Mnyonge hana haki, lakini angalau mtu asimsaidie mwenye nguvu kuhesabu.

Hata hivyo, safari yao haikupita bure. Bwana Mbuthia alimwita Dedan, akamtazama rangi, akaagiza stoo iache kununua karatasi za litmasi. Tangu hapo Dedan hakuchovya bati tena. Alichovya kidole, tangi baada ya tangi, msimamizi akimtazama uso na kuamua kama asidi imechoka. Wakamwita Bwana Kipimo. Alipewa kigoda, na pakiti ya pili ya maziwa, ambayo Warigia alimshikia mdomoni.

Kidole kimoja kikiisha, alitumia kinachofuata.

Jumapili moja hakurudia rangi yake. Alibaki zambarau, rangi ya litmasi katika maji safi, na Jumatatu alizamisha mkono katika asidi akatoka zambarau, akauzamisha katika soda akatoka zambarau. Bwana Mbuthia alifika mwenyewe kumwona. Aliridhika sana. Saba kamili, akasema, mtu mzima wa afya, na kipimo kisichobadilika hakina kazi. Wakamwachisha kazi siku hiyo hiyo, wakampa karai jipya la kumuaga.

Katika karai hilo Warigia humwosha kila jioni, kisha humlisha. Wacuka amejifunza kufunga vifungo peke yake. Kiwanda kilimwajiri kijana Njogu kutoka mtaa wa Mukuru kwa Reuben, mpangaji mpya katika nyumba yao, aliyeoa juzi. Wiki ya kwanza haijaisha, alikata kona jioni akiwa buluu, na Mwanasiti akawasha jiko.