Mara Tatu Kwenye Chuma

Mji wa Johannesburg hauna bahari, hauna hata mto wa maana, lakini una nyambizi. Msicheke. Imelazwa katika banda la makumbusho moja ya vita, ndefu, nyembamba, na ndani yake mna nafasi ya mtu mmoja tu. Mwaka ule wa 2012, Masika, mwanamke wa Kikongo, ndiye aliyekuwa akiingia humo kila siku, kwa sababu ya kawaida kabisa: yeye ana mwili mdogo, na Mzee Botes, fundi aliyepewa kazi ya kuihifadhi isiliwe na kutu, ana tumbo.

Siku ya kwanza Mzee alimweleza. Katika Vita Kuu ya Pili, Wajerumani walimkalisha kijana mmoja humo, wakaning'iniza makombora mawili ubavuni, wakamwachia bahari peke yake akazamishe meli za adui. Hana wa kuzungumza naye, hana wa kumwambia geuka. Wengi hawakurudi. Hii ilitekwa vita vilipoisha, ikaletwa huku kwenye nchi kavu.

"Na wake zao?" Masika aliuliza.

"Walingoja," alisema Mzee, akampa msasa na brashi ya waya.

Kazi ilikuwa na sheria moja. Humo ndani hewa ni haba, basi kila baada ya dakika chache Mzee aligonga chuma kwa nyundo, ko, ko, ko, na Masika akajibu mara tatu kwa mpini wa brashi. "Nikinyamaza dakika tano, usikae kunisubiri," Mzee alimwambia. "Toka." Masika aliipenda ile ko, ko, ko kuliko mshahara wenyewe. Tuseme kweli: katika mji mzima hakuna mwingine aliyekuwa akimwita akaitika.

Si kwamba hakuwa na watu. Mtaa wa Rosettenville alikokaa umejaa Wakongo, na kina mama wa kanisani walimtembelea mpaka wakachoka. Mumewe, Joël, aliondoka kwao Goma, Kongo, mwaka 2008 kwenda Rutshuru kumtoa mama yake vitani. "Nikifika nitakupigia," alisema. Miaka minne hiyo. Masika akakimbilia Afrika Kusini na namba ya Joël ndani ya simu, na kila Jumapili aliipiga, na kila Jumapili sauti ya mashine ilimwambia kwa Kifaransa kwamba mtu huyo hapatikani. Kutopatikana si kufa, alisema. Pengine simu iliibwa. Pengine alivuka mpaka akaingia Uganda. Akabaki hivyo, si mke, si mjane.

Jumapili moja Célestine, kiongozi wa kina mama, alimkamata mlangoni mwa kanisa.

"Masika, utangoya mpaka lini? Tukae matanga, tumulilie, tumalize. Jumamosi wamama wako tayari. Utuambie Ijumaa."

"Subira huvuta heri."

"Subira, ee! Na kichwa ngumu inavuta nini?" Célestine akaenda zake amekasirika.

Ijumaa saa nne asubuhi Masika alikuwa ndani ya nyambizi, amejikunja kwenye kiti cha yule kijana wa Kijerumani, anasugua kutu. Ko, ko, ko. Akajibu, akaendelea. Baadaye akagundua kwamba kumekaa kimya.

Akagonga yeye. Kimya. Amekwenda kunywa chai, alijiambia, akasugua. Wamekuja wageni, anawaonyesha mizinga. Akasugua tena. Nyundo imemponyoka, anaitafuta, na macho yake yale mabovu! Jamani, dakika tano zilipita, zikapita kumi, na mwanamke amekaa na tochi yake anamtafutia Mzee sababu, maana hiyo ndiyo kazi aliyoizoea kuliko zote. Akagonga mara ya mwisho, akatega sikio. Ndipo maneno yake mwenyewe yakamrudia kichwani: pengine simu iliibwa. Akatoka kwa viwiko.

Mzee Botes alikuwa sakafuni, jasho linamtiririka, macho wazi lakini hayamwoni mtu. Masika alipiga kelele mpaka sekyuriti wa getini akaja mbio. Ilikuwa sukari, imeshuka. Watu wa ambulansi wakamchoma sindano, wakamrudishia fahamu.

"Amelala hapa muda gani?" mmoja aliuliza. "Mngechelewa kidogo tu, tusingemkuta."

Juu ya machela, Mzee alimtazama. "Nilikuambia utoke."

"Nilidhani utagonga," alisema Masika, na hapo akaangua kilio.

"Eish, mama," sekyuriti alishangaa, "mbona unalia hivyo na mzee hajafa?"

Masika hakuwa akimlilia Mzee. Banda lilipobaki tupu alipiga simu.

"Mama Célestine. Kesho mukuye."

Célestine aliuliza, "Matanga?"

"Matanga. Mulete sufuria kubwa, yangu ni ndogo."

Akarudi kwenye nyambizi. Mfuniko ulikuwa wazi, na kiti hakina mtu. Akaokota nyundo ya Mzee, akagonga chuma, ko, ko, ko.

"Joël," akaita.

Akaitazama saa ya simu mpaka dakika tano zikaisha, na hakuongeza hata moja. Kisha akafunga mfuniko, akanawa kutu mikononi, akaenda kutafuta kitambaa cheusi.