Nyayo Darini kwa Bi Mwanaarabu

Saa mbili kasorobo asubuhi Saadiya alipanda ngazi za nyumba ya mawe ya Bi Mwanaarabu, akavua viatu, akaketi mahali pake dirishani. Miguu yake ikazama sakafuni hadi magotini, kama kila siku. Akafungua kompyuta.

Kampuni ya programu za hoteli ilikuwa imekodi ghorofa ya juu. Makao makuu yake yalikuwa Nairobi. Saadiya alikuwa wa kwanza kuajiriwa hapa Amu, mjini Lamu. Nafasi ya mkuu wa kitengo ilikuwa imetangazwa mara mbili, na mara zote mbili aliiomba. Mara ya kwanza nafasi alipewa Jeruto, ya pili Ghassan, wote watu aliowafundisha yeye. Kila aliponyimwa alizama shibiri moja, na seremala akaja kupunguza miguu ya kiti chake. Kila jioni alishika ukingo wa meza, akajivuta, akaenda zake nyumbani.

Shibiri ya pili ndipo nyayo zilipotokeza chini, baina ya boriti za dari ya Bi Mwanaarabu, mwenye nyumba. Bibi huyo aliondoa kamba yake ya nguo, akapanda juu ya kigoda na bakuli la maji, akaziosha.

"Mwanangu!" aliita. "Visigino vyako yeo vimepasuka kama chokaa ya ukuta wangu. Huko juu hawakulipi hata mafuta ya nazi?"

"Alhamdulillah, Bi."

"Sikukuuliza hali. Nimekuuliza mafuta."

Kila Desemba ilikuja fomu ya maoni: mshahara, desturi za kazini, kupanda cheo. Saadiya alilelewa akijua kwamba nyumba unamokula huisemi vibaya. Aliandika Alhamdulillah mara tatu. Nairobi walihesabu: ameridhika, ameridhika, ameridhika. Na aliyeridhika hapandishwi, kwa kuwa hana anachokosa.

Nafasi ilipotangazwa mara ya tatu, fomu ya Desemba nayo ikiwa imekuja, Usama, kijana aliyekuwa akimfundisha kwa miezi minane, aliiomba pia.

"Dada Saadiya, safari hii andika kweli," alisema. "Mimi nimeandika mshahara ni matusi."

"Na wakikuuliza nani alikufunza adabu?"

"Nitasema ni wewe, ila sikushika."

Saadiya aliandika kweli. Aliandika kwamba kwa miaka tisa mshahara wake haujaongezwa, kwamba anaowafundisha wanampita, kwamba amezama hadi magotini. Ilimchukua asubuhi nzima, na alipomaliza alitia udhu.

Jibu lilikuja siku ya tatu. Walimshukuru kwa uwazi wake. Kuhusu magoti, walikuwa wamekwisha kumwagiza seremala. Nafasi alipewa Usama.

Saadiya alimpa mkono wa pongezi, akazama hadi mapajani. Kiti kiliondolewa, akaletewa mto.

Desemba iliyofuata Usama aliileta fomu mwenyewe. Alibaki amesimama, akiangalia dirishani.

"Bi Saadiya," alisema. Hakuwa akimwita dada tena. "Wameongeza swali."

Swali liliuliza: Unajiona wapi baada ya miaka mitano?

Saadiya aliitazama sakafu. Akaandika: Kwa Bi Mwanaarabu.

Nairobi walihesabu: ameridhika.

Chini, Bi Mwanaarabu alizipaka nyayo mafuta ya nazi. Siku hizi hakupanda kigoda tena, kwa kuwa nyayo zilikuwa zimeshuka hadi mikononi mwake. Alisogeza kitanda chake ukutani, akatandika mkeka mahali zitakapofika.