Usiachie Mpaka Nikuambie

Klabu nzima ilimwita Mama Barafu, na si kwa ubaridi wa roho. Ni kwamba kila aliyemwendea, awe ameteguka kifundo, amevimba jicho au ameachwa na mchumba, alipewa mfuko wa barafu na kuambiwa akae chini. Kazi yake hasa ilikuwa uuguzi katika zahanati ya mjini, lakini jioni mbili kwa wiki, na kila Jumamosi, alikuwa mtu wa huduma ya kwanza wa timu ya raga. Mwaka wa kumi na nne huo, na hakuna aliyewahi kumlipa zaidi ya soda. Wachezaji walimwogopa kuliko walivyomwogopa kocha. Kocha alikuwa na kelele tu, Mama Barafu alikuwa na mkasi.

Alhamisi hiyo alikuwa amekaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, anapanga mkoba wake ambao tayari ulikuwa umepangika. Bandeji huku, plasta kule, glavu mfuko wa pembeni. Akimaliza, anamwaga vyote na kuanza upya. Nje, vijana walikuwa wameketi kwenye nyasi na nguo zao za mazoezi, na mazoezi yenyewe hakuna. Walikuja kwa sababu ilikuwa siku ya kuja, na kwa sababu hawakujua pa kwenda kwingine. Kesho yake walikuwa wanamzika Ngazi.

Ngazi alikuwa na miaka ishirini na mbili, mrefu kiasi kwamba hakuna mlango aliopita bila kuinama. Kazi yake uwanjani ilionewa wivu na kila mtoto aliyekuja kutazama. Mpira unaporushwa kutoka pembeni, wenzake wawili walimshika mapajani wakamnyanyua juu hewani, audake kabla ya wapinzani. Na aliyemnyanyua kwa mbele, miaka sita mfululizo, alikuwa Kifriji.

Huyu jina lilimkaa. Mfupi, mpana, mraba pande zote, na riziki yake ilikuwa kubeba magunia kwenye ghala la nafaka. Yeye na Ngazi walisoma darasa moja, wakafukuzwa darasa moja siku moja, na tangu utotoni mmoja akikosekana kwao, alitafutwa kwa mwenzake. "Nikimwinua mimi," Kifriji alizoea kujitapa, "anaona mpaka kesho."

Sasa Kifriji alikuwa upande wa pili wa ukuta, ndani ya stoo ya mipira, mlango umefungwa. Aliingia humo tangu saa tisa. Mama Barafu alimgongea mara mbili, akamwita kwa upole, kisha kwa ukali, na hakujibiwa.

Kila mwanzo wa msimu Mama Barafu aliwalaza vijana chali kwenye nyasi na kuwafundisha somo lilelile. Aliyeanguka vibaya hanyanyuliwi. Mmoja anapiga magoti nyuma ya kichwa chake, anakishika kwa mikono miwili, masikio yakiwa ndani ya viganja, kisitikisike hata kidogo. "Na usiachie mpaka nikuambie," aliwasisitizia. "Mvua inyeshe, mama yake aje analia, usiachie mpaka nikuambie." Waliligeuza mzaha. Mtu akipewa chupa ya maji amshikie mwenzake, anaambiwa asiachie mpaka Mama Barafu aseme. Lakini somo liliwaingia, na aliyelishika kuliko wote ni Kifriji, kwa kuwa mikono yake mizito ile ilikuwa na utulivu wa ajabu. Kila mwaka yeye ndiye aliyeitwa mbele kuwaonyesha wageni.

Jumapili asubuhi Kifriji alikwenda shambani kwa kina Ngazi kusaidia kulima kipande cha bondeni. Mvua ya juma lile ilikuwa imelainisha ukingo wa mtaro. Gurudumu la nyuma la trekta likamega udongo, trekta ikalala ubavu. Ngazi aliruka kutoka kwenye usukani, na miguu mirefu ile nusura imwokoe, ila bati la juu ya gurudumu lilimpiga tumboni akiwa bado hewani. Alianguka chali kwenye matuta, macho wazi, akiwa anasema.

Baba yake alifika mbio na pikapu kutoka upande wa pili wa shamba, akashusha mlango wa nyuma. "Mshike miguu, tumpakie!"

Kifriji alikuwa ameshapiga magoti, kichwa cha rafiki yake kimo mikononi. "Hapana, Baba. Asiguswe. Shingo."

"Mnyanyue, nimesema!"

"Baba, utamuua! Nimeshapiga simu, gari la wagonjwa linakuja. Nenda barabarani ukawaonyeshe njia, wasije wakaipita."

Na mzee yule, ambaye hakuwahi kutumwa na mtoto tangu azaliwe, akaenda.

Gari lilichukua dakika arobaini, muda wa kipindi kizima cha raga. Ngazi alikata roho kabla hawajafika mjini. Daktari aliyempima alisema shingo ilikuwa nzima kabisa. Ni ini lililopasuka, damu ikamwagikia ndani.

Jumatatu Mama Barafu alimfuata daktari huyo, waliyefahamiana miaka mingi kikazi, akamuuliza kama pikapu ingemwokoa. Daktari alivua miwani. "Labda angefika. Labda ile njia ya mashimo ingemuua mapema zaidi. Mimi sijui, na atakayekuambia anajua usimwamini." Mama Barafu alitoka pale amenuna. Kusema kweli, alikwenda kutafuta uongo mmoja mzuri wa kumpelekea Kifriji, na mtu mzima yule akamnyima.

Jumanne baba yake Ngazi alimpigia kocha simu. Wachezaji sita wangebeba jeneza, sawa. Kifriji asiwemo, na asisogee karibu na kaburi. Tangu siku hiyo kijana hakwenda kazini, hakula cha kueleweka, na waliomwona walisema anatembea viganja vimeachana mbele yake, ungedhani amebeba chungu. Mama Barafu alijua kwamba asipomzika rafiki yake, Kifriji hatainuka tena, na hakuna barafu itakayomfaa. Kwa hiyo alipoambiwa mzee atapita Alhamisi kuchukua vitu vya mwanawe, alijikaza kisabuni na kumngojea.

Pikapu ilisimama nje saa kumi na robo. Mzee aliingia, kofia mkononi, akasalimu kwa sauti ya chini na kuketi kwenye benchi la mkabala. Mama Barafu akamsogezea mfuko. Taulo, kinga ya meno, na viatu vikubwa kama mitumbwi, bado vina tope la Jumamosi. Aliwahi kuvitia kwenye ndoo avisafishe, akavitoa kabla hajamimina maji.

"Ndivyo hivi tu?" mzee akauliza.

"Ndivyo hivi, mzee wangu. Lakini nina neno."

"Kama ni la yule, liache."

"Ni langu mimi. Lile jambo la shingo hakulibuni yeye, nilimfundisha mimi. Miaka sita namfundisha shingo, na tumbo sikuwahi kumfundisha hata siku moja. Ukitafuta mtu wa kumkataza kaburini, nikataze mimi."

Mzee aliikunja kofia, akaikunjua. "Sista, mimi nimekuja kutazama mechi zao mara ngapi? Kila mara namwona yule kijana anamnyanyua mwanangu juu, kwa ajili ya mpira. Mpira, Sista! Miaka sita. Siku moja tu nimemwomba mimi amnyanyue, akakataa."

Ndani ya stoo kitu kilianguka, mipira ikasikika ikidunda sakafuni.

"Niambie wewe unayejua mambo ya hospitali," mzee akaendelea. "Ningempakia, angepona?"

Uongo ulikuwa tayari umemjaa mdomoni. Angeusema kwa sauti ya kazini, ile ambayo wagonjwa huiamini, na kila mtu angekwenda nyumbani kulala. Akamtazama mzee aliyekaa na viatu vya mwanawe mapajani, ukamshinda.

"Sijui," akasema. "Nimeuliza, nimewaza, sijalala. Sijui, mzee wangu."

Mzee aliitikia kwa kichwa polepole. Watu wote waliofika kwake tangu Jumapili walikuwa wanajua. Mwanamke huyu ndiye wa kwanza kutojua, na inaonekana hilo lilimlegeza kitu, maana alipofungua kinywa tena sauti ilikuwa nyingine.

"Unajua kinachonikereketa? Nilivua shati nikasimama barabarani kulipunga. Dakika arobaini napunga shati, mtu mzima mimi, kifua wazi, hata gari halijaonekana. Mwanangu yuko kule anaongea, nami siko. Walipokuja nikawaonyesha njia, nikakimbia nyuma yao. Kufika, ameshafungwa kwenye machela, macho amefumba. Hakuniambia hata neno moja, Sista. Maneno yake ya mwisho yote amebaki nayo yule."

"Aliongea, Baba."

Kifriji alikuwa amesimama mlangoni. Siku nne zilikuwa zimemkausha, fulana inampwaya mabegani. Viganja vyake, ni kweli walivyosema, vilikuwa vimeachana mbele ya tumbo.

Mzee hakuinuka wala hakumtazama usoni. "Aliongea nini?"

 Kifriji akaitazama mikono yake. "Nikisimama hivi maneno hayaji," akasema. "Nimejaribu kumsimulia mama, hayaji."

 Mama Barafu akausogeza mkoba wake pembeni.

"Alikuwa amelalaje?" mzee akauliza.

"Chali."

Mzee aliweka viatu chini, akaweka kofia juu ya viatu, akatoka nje. Vijana walimpisha wakiwa wanainuka. Alitembea mpaka kwenye nyasi za uwanja, akapiga magoti kwa taabu, na kwa shati lake safi la kupokelea wageni wa msiba akalala chali. Kocha alifikiri ameanguka, akachomoka kumkimbilia. Mama Barafu akamdaka mkono.

"Njoo," mzee akaita akitazama juu. "Nishike ulivyomshika."

Kifriji alikwenda. Alipiga magoti nyuma ya kichwa cha mzee, magoti yameachana, akashusha viganja taratibu mpaka masikio yakaingia ndani. Kila kiungo chake kilikuwa kinatetemeka isipokuwa mikono.

"Hapa alikuwa hasikii vizuri," akasema, "kwa vile nimemziba. Ilibidi niiname."

"Basi inama."

Akainama. "Kwanza aliuliza trekta. Akasema, 'Baba ataniua.'"

Kifuani mwa mzee mlitoka sauti, huwezi kusema ni kicheko au ni kilio.

"Nikamwambia trekta nzima. Hata sikuwa nimeiangalia, Baba. Halafu akasema mikono yangu inanuka magunia. Halafu akasema Jumamosi nilimnyanyua vibaya, ule mpira wa tatu, nikayumba. Nikamwambia ni yeye amenenepa. Tukabishana."

"Mlibishana?"

"Sana tu. Akasema nimwite shahidi." Kifriji aliinama zaidi. "Halafu akauliza, 'Mzee yuko wapi?' Nikamwambia yuko barabarani, anasimamisha gari. Akacheka kidogo. Akasema, 'Basi wamekwisha hao. Mzee wangu akisimama barabarani hata treni inafunga breki.'"

Machozi ya mzee yalimtoka pembeni, yakateremka kuelekea masikioni, yakaingia viganjani mwa Kifriji.

"Baadaye akaanza kusinzia. Wewe, Mama Barafu, ulisema asiachwe asinzie. Kila akitaka kufumba namwambia, mzee wako yuko barabarani. Anafumbua. Namwambia tena, anafumbua. Lile neno ndilo lililomfikisha mpaka gari linakuja, Baba. Mimi sikuwa na jingine."

Vijana walikuwa wamesimama mduara, wengine wameshika vichwa, na yule mkubwa wa safu ya mbele, aliyejulikana kwa kutolia hata alipovunjika kidole, alikuwa analia waziwazi kama mtoto aliyepotea sokoni. Mama Barafu naye hakuwa anaona vizuri. Lakini jambo moja aliliona, akajilaumu kwa kutoliona mapema. Jumapili, watu wa gari la wagonjwa walipofika, walimsukuma Kifriji pembeni wakafanya kazi yao. Hakuna aliyemwambia aachie. Tangu siku hiyo kijana alikuwa bado ameshika.

Akaenda akapiga magoti karibu yake, akamwekea mkono begani. "Achia sasa, mwanangu," akasema. "Mimi nimekuambia. Achia."

Vidole vya Kifriji vilianza kulegea.

"Bado," mzee akasema, macho amefumba.

Mikono yake miwili ikapanda taratibu, ikaifunika ile ya Kifriji na kuibana palepale.

"Sista, zimepita dakika ngapi?"

Mama Barafu akatazama saa yake. "Saba."

"Zilikuwa arobaini." Mzee akafumbua macho, akamtazama Kifriji. "Kesho utabeba upande wa kichwani. Umesikia? Wa kichwani. Haya, endelea, usinirukie hata moja."

Mama Barafu akaketi kwenye nyasi, saa mkononi. Vijana nao wakaketi mmoja baada ya mwingine, bila kuambiwa. Kifriji akainama mpaka paji lake likakaribia kugusa la mzee, akapandisha sauti ili asikike.

"Halafu," akasema, "akaniuliza mechi ijayo ni lini."