Manjano ya Miguu ya Nyuma

Kwa watu wa Hunugala, buibui-chui ni buibui-chui tu: mkubwa kama kiganja, ana manyoya, anakaa darini, na akikuuma utalala na homa siku tatu. Inoka Weragoda ndiye peke yake mji mzima aliyejua kwamba wako wa aina tatu, na kwamba ukiwatazama mgongoni hutaambulia kitu, maana mgongoni wote wamevaa sare. Sharti umpindue. Siri yao iko chini ya miguu: ya mbele manjano, ya nyuma myeupe, na mistari myeusi inayotofautiana kidogo kwa kila aina. Ukibaki na shaka, unangoja jike ajivue gamba. Ndani ya gamba hubaki utando wa kifuko anachohifadhia mbegu za dume, na umbo la kifuko hicho halidanganyi.

Kwa elimu yote hiyo, jumba la makumbusho la mji lilikuwa limemweka kibarua miaka kumi na mmoja. Kila mwaka mkataba mpya, kila mwaka kubisha hodi kazini kwake mwenyewe kama mgeni. Inoka aliitaka kazi ya kudumu kama mgonjwa anavyotaka usingizi, na hakuona haya kusema hivyo.

Basi siku moja akaletwa buibui jike kutoka darini kwa bibi mmoja aitwaye Podimenike. Inoka alipompindua alishtuka: miguu ya nyuma nayo ilikuwa ya manjano. Mkurugenzi Ellepola, aliyesomea utawala na anayeogopa hata mende, alisikia neno moja tu katika maelezo yote, nalo ni "labda".

"Aina mpya!" akapiga kofi. "Tutampa jina la Mheshimiwa Galagoda. Mheshimiwa atatujengea jumba jipya."

"Bosi, tungoje kwanza ajivue gamba."

"Atajivua lini?"

"Atakapotaka mwenyewe."

"Mnajimu ameshatupa saa njema: Jumatano, saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi. Huyo buibui wako ana mnajimu? Mama, wewe tia sahihi hati ya aina mpya mbele ya watu, Alhamisi uwe mwajiriwa wa kudumu. Pensheni hiyo!"

Inoka alisema sawa, na moyo ukamsuta palepale.

Jumatano ngoma zililia, taa ya mafuta ikawashwa kwa dakika yake, wali wa maziwa ulioshikana kama keki ukakatwa vipande. Mheshimiwa Galagoda alikuwa katika chama chake cha nne, na shali yake mwaka huu ilikuwa ya zambarau. Ellepola akafunua kitambaa kwenye sanduku la kioo. Buibui alikuwa chali, miguu juu.

"Mheshimiwa amekufa!" Ellepola akapiga yowe, na ngoma zikanyamaza.

"Hajafa," Inoka akasema. "Anajivua gamba."

"Ishara njema!" akasema Mheshimiwa, na kwa furaha akaanza hotuba. Ilichukua saa moja na nusu, muda uliomtosha buibui kabisa.

Hapo ndipo Bibi Podimenike, aliyealikwa kama mwenye dari, alipomvuta Inoka mkono. "Mwanangu, huyu si yule wa kwangu? Mbona amefifia?"

"Amefifia vipi, bibi?"

"Si nilimmwagia maji ya manjano kabla sijawapa! Kitu kinatoka kwangu kinaenda kwa wakubwa, nikitoe na nuksi zake? Nilimwogesha kopo zima, na chini pia. Manjano hushika palipo peupe, si unaona sari yangu hii."

Inoka alitazama. Buibui alikuwa ameshatoka, na miguu yake mipya ya nyuma ilikuwa myeupe pe. Manjano yote ya bibi yalibaki kwenye gamba. Akalichukua kwa kibano, akalilowesha kwenye maji ya uvuguvugu, akakikunjua kile kifuko chini ya lenzi. Alikuwa na vifuko kama hicho thelathini kwenye droo yake. Sasa hakukuwa na "labda" ya kujifichia.

"Bosi," akanong'ona, "ni bizari ya jikoni."

"Nani kakuuliza? Tia sahihi!"

Mheshimiwa naye akamgeukia, kipaza sauti mkononi. "Haya dada, waambie wananchi. Mimi huyu wa kwenye kioo na yule buibui wa zamani tuna tofauti gani?"

Wino ulikuwa mezani, na pensheni ilikuwa ndani ya wino huo. Inoka alifungua mdomo na ukweli ukamtoka bila heshima yoyote.

"Hakuna, Mheshimiwa. Ni yule yule wa siku zote. Amebadili rangi tu."

Hakukusudia kijembe, maskini. Lakini wapiga ngoma walikuwa wa kwanza kucheka, kisha walimu, kisha hata yule aliyeshika mwavuli wa Mheshimiwa. Mheshimiwa aliondoka bila kuonja wali.

Usiku kucha Inoka alijilaumu. Alijiita mpumbavu, akailia ile kazi ya kudumu kama anayelia maiti. Alhamisi asubuhi alikuta barua mezani: mkataba wake hautaendelea, "kwa kuwa kazi ya kutambua buibui imekamilika kwa kutiwa sahihi yake".

Akaisoma mara mbili. Sahihi gani? Hakuwa ametia sahihi yoyote. Ndipo kwa mazoea ya kazi akaipindua aitazame chini. Nyuma ya karatasi palikuwa na muhuri wa masjala, umegongwa vizuri, wino umeshakauka: Jumatatu, siku mbili kabla ya sherehe.

Inoka alicheka hadi machozi yakamtoka. Kisha akakusanya droo yake yenye vifuko thelathini na kimoja, akaenda nayo nyumbani.