Mistari Mgongoni mwa Augusts

Asubuhi ya Jumamosi ya kwanza ya Oktoba mwaka 1925, Ansis Purmalis alikula njegere kwa mafuta ya nguruwe, akavaa buti zake za kanisani, akaenda ofisi ya kata kuchagua bunge la Latvia.

Nyuma ya pazia alifungua karatasi ya chama cha wakulima wadogo. Jina la nne lilikuwa la mdogo wake, Augusts. Sheria ilimruhusu mpiga kura kukata jina asilolitaka hata kwenye karatasi ya chama chake mwenyewe. Ansis alilikata kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika kidogo.

Shamba la kabaila lilipogawanywa, ndugu hao walichota kura katika kofia moja. Ansis alitangulia kutia mkono akapata bwawa la matope. Augusts alipata kilima chenye matufaha. Hilo Ansis alilimeza miaka mitano. Lakini wiki hiyo mkewe, Lavize, alikata picha ya shemeji yake gazetini akaibandika juu ya jiko, na kila alipokoroga supu aliitazama.

Jioni ndugu walioga pamoja katika kibanda cha mvuke cha Augusts, kama kila Jumamosi. Augusts aligeuka achapwe mgongo kwa fungu la matawi, kama ilivyo desturi ya kuoga huko. Kutoka bega hadi kiunoni palikuwa na mstari mmoja wa kijivu, kama wa penseli, na katikati ngozi imechubuka.

"Umejikwaruza wapi?" Ansis aliuliza.

"Sijajikwaruza. Nimekatwa. Saa nne asubuhi, niko juu ya ngazi nachuma matufaha."

Ansis akasugua kwa sabuni. Haukutoka. Akiwa bado anasugua, mwingine ukajichora chini yake taratibu, maana vituo vilikuwa havijafungwa.

"Huyu mpole," Augusts akasema. "Atakuwa mchungaji. Yule wa kwanza ndiye mwenye roho mbaya. Wewe kaka ulipiga saa ngapi?"

"Mchana."

Augusts akamwagia mawe ya moto maji, mvuke ukajaa, wasionane nyuso.

Jumapili jioni mistari ilifika themanini na saba. Lavize ndiye aliyeihesabu alipompaka shemeji yake mafuta ya bata, na Ansis alisimama mlangoni akitazama vidole vya mkewe. Karani wa kata alikuja na daftari, akalinganisha hesabu ya mgongo na ya karatasi, zikapatana, akatia sahihi. Alisema si jambo geni. Mwalimu aliyegombea mwaka ishirini na mbili mpaka leo analalia tumbo.

Kila mwanamume wa kata ile alidhani anakata peke yake, na kwamba kalamu moja haimwangushi mtu. Kiti kilikwenda kwa jina la tano, wakili wa Riga ambaye hakuna aliyemjua, kwa hiyo hakuna aliyemwonea wivu. Barabara ya kata ilibaki tope. Watu walimlaumu wakili, na waliokutana na Augusts dukani walimpa pole na kumuuliza kama inawasha.

"Unawasha mmoja tu," alikuwa akijibu.

Miaka mitatu ikapita. Augusts akagombea tena, na Lavize akabandika picha mpya, kubwa kuliko ya kwanza.

"Shemeji kanenepa," alisema. "Unene umempendeza."

Asubuhi ya uchaguzi Ansis alikula njegere zake, akavaa buti. Kisha akakaa kizingitini na kisu akachonga penseli muda mrefu. Lavize akamuuliza anachonga nini hivyo, kwani anakwenda kushona?

"Iwe nyembamba," Ansis akasema. "Ile ya mwaka ule ilimuumiza."

Akaijaribu ncha kwenye kiganja chake, akaridhika, akaitia mfukoni, akaenda.