Maziwa ya Kuosha Kifua

Kila asubuhi saa nne Bwana Jared alimpelekea Ofumbi, fundi wake wa rangi, kikombe cha maziwa, kisha akatoka haraka na kufunga mlango. Maziwa huosha kifua, alisema. Gereji ilikuwa Tororo, upande unaopokea vumbi la kiwanda cha saruji, na dirisha la chumba cha rangi alilipigilia misumari ili vumbi lisinase kwenye malori ya wateja. Mapafu ya Ofumbi hayakuwa mali ya mteja.

Mwaka wa pili wa uhuru, baada ya kuvuta miaka mingi harufu ya tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, Ofumbi alianza kubandua rangi kwa pumzi. Alipiga chafya, boneti ikabaki bati tupu. Aliimba kanisani, benchi la mbele likabaki mbao, na mchungaji akamwomba aketi nyuma. Nyumbani Athieno, mkewe, alimtengea kikombe kisicho na maua.

Hayo hayakumsumbua Athieno. Kilichomtisha ni mikono ya mumewe iliyotetemeka, na jioni Ofumbi alipomwuliza mwanawe wa kuzaa, Obbo, yeye ni mtoto wa nani. Kesho yake akaenda gereji.

“Bwana Jared, fungua dirisha. Ile tina nakula kichwa ya baba Obbo.”

“Mama Obbo, nikifungua, vumbi litaharibu rangi.”

“Vumbi mtu nafuta. Kichwa nafuta namna gani?”

“Ndiyo maana nampa maziwa.”

Hakutania. Watu wa aina yake hawana utani; wana gereji. Aliongeza kikombe cha pili, akampa Ofumbi malori makuukuu ayapumulie, na msasa hakununua tena. Aliwaambia wateja kwamba Mungu amemjalia fundi. Na sisi majirani mtu huyo tulimvulia kofia barabarani.

Ofumbi alifariki nafaka ya wimbi ikiwa bado shambani. Jared alileta jeneza hadi Kirewa, kijijini kwa marehemu, amelipaka rangi nyeupe kwa mkono wake. Marehemu alikuwa ameacha kupumua, ila pumzi ya zamani ilikuwa bado imemjaa, na kabla ya sala kwisha rangi yote ilikuwa chini kwenye nyasi. Waombolezaji waliikanyaga wakaendelea kuimba.

“Ilikuwa rangi nzuri,” Jared alisema.

Kisha akamvuta kando Ochen, mdogo wa marehemu, aliyekuwa bado ameshika sepetu, akamwuliza kama anapenda maziwa. Ochen hakuwa na kazi. Alisema anayapenda.